Mtoto wa Mvuvi Aliyelevywa na Bahari

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi baada ya sala ya Isha, mbele ya Ngome ya Lamu, kabla ya onyesho la filamu. Naiweka hapa nzima kwa watu wa Faza, Siyu na Kizingitini ambao hawakupata boti ya kurudia usiku, na kwa wale walioko Mombasa walioniomba. Picha zilizokuwa zikipita ukutani nimeziacha.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi barazani kule nyuma, mama zangu, na ninyi wanangu mliojaa mikekani hapa mbele na simu mikononi: ahsanteni kwa kuja. Najua leo kuna mpira. Najua pia kwamba baadhi yenu mmefuata kahawa na halua. Karibuni nyote, kahawa ipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwongozaji wa filamu. Nimechagua mtu mmoja tu, Ousmane Sembène wa Senegali. Tena sitazungumza sana juu ya filamu zake za uzeeni, zile zilizompa heshima duniani. Nataka nizungumze juu ya miaka yake arobaini ya mwanzo, miaka ambayo hakuwa na kamera wala hakujua kama atakuwa nayo.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegali, katika nchi ya Casamance, nchi ya mto na mikoko. Mkiona picha zake mtadhani ni mkondo wa Mkanda hapa kwetu Lamu. Baba yake alikuwa mvuvi, Mlebu wa pwani ya Dakar aliyehamia kusini kutafuta riziki. Mtoto akasomeshwa chuoni Qur'ani, akasomeshwa shule ya Wafaransa, na sehemu ya utoto wake akalelewa na mjomba wa mama yake, mtu wa elimu na dini. Hadi hapo ni mtoto kama watoto wetu. Asubuhi shule, jioni chuo, na katikati kuogelea bila ruhusa.

Mwaka 1936, akiwa na miaka kumi na mitatu, akafukuzwa shule. Aligombana na mwalimu mkuu, Mfaransa. Husimuliwa kwamba mwalimu alimzaba kofi, na mtoto akalirudisha. Mimi nimefundisha miaka mingi, na sitasimama hapa nimsifu mwanafunzi aliyempiga mwalimu. Lakini nawaulizeni: katika koloni la mwaka 1936, ni watoto wangapi wa Kiafrika walioona kofi la Mzungu kuwa ni kitu kinachoweza kurudishwa?

Haya, shule imekwisha. Mtoto wa mvuvi aliyefukuzwa shule huenda wapi?

(Sauti kutoka nyuma: "Baharini!")

Baharini, mzee wangu, baharini. Baba akamchukua chomboni. Na hapo ndipo msiba ulipo: bahari ikimlevya! Mtoto wa Mlebu, watu ambao bahari ni uwanja wao, kila akitoka nje ya mlango wa mto anatapika. Mnacheka. Chekeni, maana hata hapa tunao, na wengine ni watoto wa manahodha, sitawataja. Alijaribu, haikufaa. Mwaka 1938, na miaka yake kumi na mitano, akaondoka nyumbani kwenda Dakar.

Wanangu, hesabuni pamoja nami. Shule imemkataa. Bahari imemkataa. Ana miaka kumi na mitano. Mtoto wa namna hii hapa Lamu tungemwitaje? Tungesema huyu keshaharibika. Tungemtuma dukani na sigara za watu, basi.

Dakar akafanya kazi za mikono: uashi, ufundi wa magari, vibarua vya kila aina. Na akipata senti, anaingia sinema. Zilikuwa filamu za Wazungu zilizotengenezewa Wazungu. Katika alizozikumbuka maisha yake yote ni ile ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, kwa sababu ndani yake yumo Jesse Owens, Mmarekani mweusi, akiwaacha wenzake kwenye mbio. Filamu hiyo iliongozwa na Leni Riefenstahl kwa fedha za serikali ya Hitler. Sasa tafakarini kidogo. Serikali ya Hitler ilikuwa na makusudi yake ilipotoa fedha. Kijana mwashi wa Dakar akaketi gizani, akaona kitu kingine kabisa. Anayeipiga filamu ana lake, na anayeitazama ana lake. Lishikeni hilo, maana usiku kucha nitawauliza swali moja: nani ataitazama?

Mwaka 1944 akaingizwa jeshini, katika kikosi cha askari Waafrika wa Ufaransa. Wazee mnawajua ndugu zao wa upande wetu, wale wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopelekwa Burma. Mwaka huohuo, tarehe 1 Desemba, katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar, askari Waafrika waliotoka kwenye magereza ya Wajerumani walidai malipo yao ya vita. Wakajibiwa kwa risasi na jeshi lilelile walilolipigania. Ufaransa ilikiri vifo thelathini na tano. Wanahistoria hadi leo wanabishana, na wengi wanasema walikuwa zaidi ya hapo, tena zaidi sana. Sembène aliibeba habari hiyo kifuani miaka arobaini na nne. Mwaka 1988, akishirikiana na Thierno Faty Sow, akaifanya filamu. Miaka arobaini na nne! Na kijana wangu mmoja hapa juzi ameniambia amekata tamaa kwa sababu video yake ya wiki iliyopita haikutazamwa.

Baada ya vita akarudi Dakar, na Oktoba 1947 wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi mto Niger wakagoma. Mgomo ule ulidumu hadi Machi 1948, miezi mitano bila mshahara. Wanawake ndio waliobeba nyumba, ndio waliotafuta maji na chakula, na baadaye ndio waliojaa katika riwaya aliyoiandika Sembène juu ya mgomo huo. Na msidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali. Januari ya mwaka huohuo wa 1947, Mombasa yetu ilisimama. Bandari, reli, mahoteli, watumishi wa majumbani, wote waligoma, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi. Watu wa visiwa hivi walikuwemo kule Kilindini. Wako wazee hapa waliohadithiwa na baba zao. Swali langu kwenu: Dakar wamepata riwaya, tena kubwa. Kilindini imepata nini?

Sembène akazamia meli. Neno hili halihitaji maelezo hapa, kila mtaa una mzamiaji wake. Bahari iliyomtapisha utotoni akaivuka akiwa amejificha. Akafanya kazi kidogo katika kiwanda cha magari cha Citroën huko Paris, kisha akashuka Marseille, mji wa bandari, akawa kuli.

Hapa naomba nikae kidogo, maana wanaoandika habari zake huipita Marseille haraka wakimbilie kwenye kamera. Mimi naona kamera ilianzia pale gatini.

Ukuli, mnaujua. Magunia, masanduku, kreni, na serang'i anayepiga kelele. Makuli wa Marseille walikuwa watu wa kila taifa, Waarabu wa Aljeria, Wasenegali, Wataliano, Wahispania, na Wafaransa wenyewe. Sembène akajiunga na chama cha wafanyakazi, CGT, kisha chama cha Kikomunisti. Ufaransa ilikuwa ikipigana Vietnam, na silaha zilipakiwa palepale bandarini. Makuli wakakataa kuzipakia. Sembène alikuwa mmoja wao. Mtu mweusi aliyekuja kwa kuzamia, hana shule, anasimama kwenye mgomo wa kumtetea Mvietinamu asiyemjua, katika nchi ya watu, kwenye baridi. Ujasiri wa namna hiyo hafundishwi mtu katika chuo cha filamu.

Kisha mzigo ukamwumiza mgongo, tena vibaya, uti wa mgongo wenyewe. Akalazwa muda mrefu. Alipopona hakuweza tena kubeba kama zamani, akapewa kazi nyepesi. Kuli asiyeweza kubeba hufanya nini? Huyu alisoma. Chama chao kilikuwa na maktaba. Nawaambia tena, chama cha makuli kilikuwa na maktaba! Mtu aliyefukuzwa shule na miaka kumi na mitatu akaanza upya, kitabu baada ya kitabu. Akamsoma Claude McKay wa Jamaika, ambaye naye aliwahi kuandika riwaya juu ya watu weusi wa gatini hapo hapo Marseille. Akamsoma Jacques Roumain wa Haiti.

Akaona kwamba watu kama yeye waweza kuandikwa. Akaandika. Mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, juu ya kuli mweusi wa Marseille aliyeandika riwaya, akampa mwanamke wa Kizungu amsaidie ichapishwe, na mwanamke yule akaichapisha kwa jina lake mwenyewe. Ninyi mnaolalamika kwamba video zenu huchukuliwa na kurasa kubwa na jina lenu likafutwa, mnaona kwamba si jambo jipya.

Mwaka 1957 ikafuata riwaya ya pili. Mwaka 1960 ikatoka ile ya mgomo wa reli, Les Bouts de bois de Dieu, na hiyo ndiyo iliyomtia katika orodha ya waandishi wakubwa wa bara hili.

Sasa, mabibi na mabwana, mtu huyu kafika. Kuli amekuwa mwandishi. Anasifiwa, anaalikwa. Angeweza kukaa Ufaransa akaandika hadi kufa. Kwa nini akaacha?

Kwa sababu alirudi nyumbani. Mwaka 1960 Senegali ikapata uhuru, naye akarudi Afrika na kuzunguka nchi kadhaa, na huko akagundua jambo lililomwumiza kuliko lile gunia la Marseille. Watu aliowaandika hawakumsoma. Walio wengi hawakujua kusoma Kifaransa, na wengi hawakujua kusoma kabisa. Yule mama wa mgomo wa reli, ambaye amemfanya shujaa kurasa baada ya kurasa, akipewa kitabu atafungia karanga. Wasomaji wake walikuwa Paris, na wasomi wachache wa Dakar.

Nani ataitazama? Nani ataisoma? Hilo ndilo lililomwondoa kwenye kalamu. Wengi huingia kwenye filamu kwa sababu wanapenda kamera, au wanapenda jina. Huyu aliingia kwa sababu alitaka mama wa sokoni amsikie. Alipenda kusema kwamba sinema kwa Afrika ni shule ya jioni.

Mwaka 1962, karibu anatimiza miaka arobaini, na vitabu vyake madukani, mwandishi mzima akarudi darasani. Akaenda Moscow, kwenye studio za Gorky, akajifunza kwa mwongozaji Mark Donskoy. Akaketi na vijana wadogo, akajifunza taa, lenzi, kukata na kuunga mkanda. Baba wa miaka arobaini hapa kwetu akiambiwa akajifunze kompyuta kwa kijana wa miaka ishirini, anasema nini? Anasema, "Mimi? Nikaketi chini ya mtoto huyu?" Ndiyo mjue ukubwa wa hatua ile.

Na lipo jambo la kulijua ili mpime alichorudi nacho. Tangu 1934 Ufaransa ilikuwa na amri, huitwa amri ya Laval, kwamba hakuna mtu atakayepiga filamu katika makoloni yake ya Afrika bila kibali cha serikali ya koloni, na hati ya filamu ikaguliwe kwanza. Paulin Vieyra na wenzake, Waafrika waliosomea filamu Paris, walipotaka kupiga filamu mwaka 1955 hawakuweza kuipiga Afrika. Wakaipiga palepale Paris, juu ya Waafrika wa Paris. Kwa hiyo kizazi kizima cha Waafrika wa makoloni yale kilionekana kwenye filamu kupitia jicho la mwingine.

Mwaka 1963 Sembène akatoka na kamera barabarani Dakar. Filamu aliyoipiga ina dakika chini ya ishirini. Ndiyo tutakayoitazama leo, kwa hiyo sitawamalizia utamu. Jina lake Borom Sarret, mwenye mkokoteni. Ni siku moja tu ya mtu mmoja na farasi wake. Farasi huyo anaitwa Albourah, na nyote mnalijua hilo jina lilikotoka: Buraq! Mnyama wa Miraji, amefungwa mkokoteni, anabeba matofali. Mmoja anapanda halipi. Mwingine analipa kwa kupeana mkono. Mshairi wa mtaani anamsifu yeye na mababu zake hadi maskini anatoa mfukoni kila alichochuma. Halafu anapanda baba na maiti ya mtoto wake... hapo mtaona wenyewe. Na kuna askari, na kuna mtaa wa matajiri ambao mikokoteni hairuhusiwi kuingia.

Mji huu una punda wengi kuliko magari. Mzigo wa saruji, mchanga, mawe ya matumbawe, jokofu la bibi arusi, vyote hupita kwa punda. Mpanda punda huzijua nyumba zote, hujua nani anajenga na nani ameuza. Na hata leo sijaona filamu ambamo mpanda punda wa Lamu ni mtu mwenye jina, mwenye mke, mwenye deni. Nimewaona punda, ndiyo. Wamepigwa picha mno. Hata wewe mgeni uliyeketi pale pembeni, karibu sana, unaye mmoja kwenye simu yako.

Hilo linanileta kwenye ugomvi wa 1965. Palikuwa na Mfaransa aitwaye Jean Rouch, mwongozaji mkubwa na mtaalamu wa mila, aliyeanza kupiga filamu za watu wa Niger miaka ya arobaini. Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda Afrika, aliwafundisha vijana Waafrika kazi, na wapo waliokuja kuwa waongozaji kwa mkono wake. Mwaka huo wakaketi wawili, yeye na Sembène, kuzungumza. Sembène akamwambia usoni kwamba Rouch na wenzake wanawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu.

Kauli kali. Wako wanaosema alimwonea Rouch, na kwa haki huenda ni kweli kidogo. Lakini kila nikikumbuka kauli ile nalikumbuka jambo nililoliona hapa kwetu. Lilikuja kundi la watu wa kamera, kampuni sitaitaja. Wakataka kumpiga picha mzee mmoja akichonga mlango. Wakamwambia avue saa. Wakamwambia aondoe chupa ya soda. Wakaondoa na redio, wakaondoa dumu la plastiki, wakaondoa na mjukuu wake kwa sababu alivaa jezi ya Arsenal. Mwisho akabaki mzee wa mwaka 1800. Yule mzee alikuwa akizungumza na mteja wake wa Dubai kwa WhatsApp dakika chache kabla ya hapo! Filamu ile ikaenda ng'ambo, watu wakaitazama wakasema, masikini, Lamu haijabadilika. Saa imo mfukoni mwa mzee.

Mimi siwalaumu wageni peke yao. Ninyi vijana wa droni, nimezitazama video zenu. Machweo ya Shela. Jahazi na machweo. Punda na machweo. Mlango wa nakshi, halafu machweo. Ni nzuri, mashallah, nimezitazama hadi mwisho. Lakini nani ataitazama? Bibi yako wa mtaa wa Langoni anayajua machweo, ameyaona miaka sabini. Mmewapigia wateja wa hoteli. Ni riziki, na riziki haina aibu. Ila msiseme mmepiga filamu ya Lamu. Mmekodisha jicho la mgeni na mkamtazamia.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wetu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Mtaa mzima ulizungumza jambo lile asubuhi na jioni. Kwenye simu zenu hizi liko wapi? Vikao vya barazani, hesabu za nani ni mvuvi na nani si mvuvi, wake waliouliza fedha ziko wapi, viko wapi? Sembène angelala nje ya lile dirisha la orodha ya majina wiki nzima.

Filamu ya pili nitakayoitaja ni ya 1966, La Noire de… Ndiyo iliyompa tuzo ya Jean Vigo Ufaransa na tuzo kubwa ya tamasha la Carthage kule Tunisi. Alianza na habari fupi aliyoisoma gazetini zamani, akaifanya hadithi, kisha filamu. Msichana wa Dakar, Diouana, anachukuliwa na Wafaransa kwenda Antibes. Ameambiwa atatunza watoto. Akifika, watoto hawapo. Kuna kupika, kufua, kudeki, na mlango uliofungwa. Aliyeigiza, Mbissine Thérèse Diop, hakuwa mwigizaji, alikuwa mshonaji.

Filamu hii tuliionyesha uani kwa jirani yangu, wanawake peke yetu. Ilipoanza palikuwa na vicheko, mtu anapitisha bajia, mtu anapigiwa simu. Ilipofika katikati vicheko vikaisha. Ilipokwisha, aliyezungumza wa kwanza alikuwa binti mmoja aliyerudi kutoka Ghuba, ambaye tangu kurudi kwake hajapata kumsimulia mtu. Akasema, "Huyo alikuwa na chumba. Mimi nililala stoo ya kufulia." Halafu akasema mengine, na wa pili akaongeza yake, na wa tatu. Hatukuondoka hadi saa sita ya usiku. Wanawake hawa hawajui Senegali iko wapi kwenye ramani, na filamu imewazidi umri wote wawili au watatu waliozungumza. Diouana wa 1966 ametufungulia mdomo wa Langoni. Serikali zimefanya mikutano mingapi juu ya wasichana wa Ghuba? Uliokifungua kinywa cha yule binti ni upi?

Filamu hizo mbili za mwanzo zilizungumza Kifaransa. Hata mawazo ya Diouana, msichana asiyesoma, mnayasikia kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya mwanamke wa Haiti, Toto Bissainthe. Sembène hakuridhika. Mama wa sokoni bado alikuwa nje ya mlango. Mwaka 1968 akapiga Mandabi kwa Kiwolofu, lugha ya mtaani Dakar. Fedha zilikuwa na masharti ya Wafaransa, kwa hiyo akalazimika kuipiga mara mbili, toleo la Kifaransa na toleo la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo linaloishi.

Hadithi yake nitaisema kwa haraka, maana wengi wenu mmeiishi. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili, anatumiwa mani oda ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Anakwenda posta. Kitambulisho? Hana. Ili apate kitambulisho alete cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti ajue tarehe aliyozaliwa. Mtaani habari zimeenea kwamba ana fedha, wadai wamejaa mlangoni, na mfukoni hana hata ya picha ya pasipoti.

(Kicheko kirefu.)

Naona mnatazamana. Haya, nani hapa hajaambiwa alete cha babu yake ndipo apewe chake? Ndiyo maana nasema mtu huyu anatuhusu. Hakuijua Lamu, lakini lile dirisha la ofisi analijua vizuri sana.

Sembène aliendelea na kazi hadi uzeeni. Alikuwa mmoja wa waliosimamisha tamasha la filamu la Ouagadougou mwaka 1969, na alipiga filamu yake ya mwisho akiwa na miaka themanini na mmoja. Alifariki mwaka 2007. Hayo mtayasoma wenyewe. Ninalotaka mlichukue kwenye miaka yake ya mwanzo ni desturi yake moja: alizibeba filamu zake mwenyewe hadi vijijini, akazionyesha, kisha akakaa kusikiliza. Watu walimpinga, walimkosoa, na yeye akiwa pale pale akabishana nao. Sasa na sisi ndiyo tunaanza hapa.

Utaratibu, tafadhali. Filamu ni ya Kifaransa. Kijana wetu aliyesomea Kifaransa Mombasa atakuwa na maikrofoni, atasimulia kwa Kiswahili kila panapozungumzwa, kama mlivyozoea kwenye vibanda vya video, ila yeye nimemkataza kuongeza mizaha yake. Ikiisha, taa zitawashwa na maikrofoni itaanza upande wa kina mama. Baada yao, wapanda punda, maana nataka kusikia wanasemaje juu ya yule askari. Vijana wa droni watakuwa wa mwisho, na wajiandae, swali langu wanalijua.

Na mwenye yule punda aliyefungwa pale kwenye mkungu, tafadhali msogeze, anaziba kitambaa kwa wazee. Fundi, washa.